Umpeleke wapi? Mgonjwa wa akili na askari wa zamani asiye na pa kulala, Mtwara na Lindi

Kusini kwetu, mtu akianza kuongea peke yake na kulala kwenye baraza za maduka, ukoo hukaa kikao, na swali la kwanza huwa jina la mahali. Upande wa mama wanamtaja mganga wa ng'ambo ya Ruvuma. Shemeji aliyeko Dar anasema Muhimbili. Na hakosekani mmoja wa kusema, "Huyo ni wa Mirembe," yaani hospitali ya akili ya Dodoma. Nazilinganisha njia hizo hapa, pamoja na nyingine ambazo vikao huzisahau, nikizifikiria familia za Newala, Tandahimba, Ruangwa na Liwale. Nawafikiria zaidi wale ambao ndugu yao aliwahi kuvaa sare, kwa kuwa wao wana milango ya ziada ambayo mara nyingi hakuna anayewaonyesha.

Kipimo changu nakitaja mapema: nani atakuwa na mgonjwa mwezi wa tatu baada ya tiba ya kwanza? Magonjwa mengi makali ya akili hutulia kwa dawa ndani ya wiki chache, kisha hurudi dawa inapokatika. Kwa hiyo njia inayomhakikishia mgonjwa dawa, chakula na mtu wa kumwangalia mwezi ule wa tatu ndiyo naipa nafasi ya kwanza, hata kama jengo lake ni la kawaida kabisa.

Mganga, kisomo, au hospitali

Siwalaumu wanaoanzia kwa mganga. Yuko kijijini, anaongea Kimakonde au Kimwera na mgonjwa, anakubali kusubiri malipo mpaka korosho ziuzwe, na anakaa na mgonjwa kwake huku familia ikipumua. Zaidi ya hayo anatoa jibu: nani kamfanyia, na kwa nini. Kliniki haitoi jibu la namna hiyo, na mama mwenye kijana aliyechanganyikiwa analitafuta jibu usiku na mchana.

Lakini hospitali ina vipimo, na mganga hana. Mtu aliyekuwa mzima juzi na leo hamtambui mkewe anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au sukari iliyoshuka au kupanda mno. Kaswende ya siku nyingi na VVU navyo huweza kuharibu akili. Kuna na pombe. Wakati wa mabibo, uraka (pombe ya mabibo) ukiwa kila nyumba na gongo ikipikwa porini, mnywaji wa miaka mingi akiacha ghafla huanza kutetemeka, na siku ya pili au ya tatu huona wadudu na watu wasiokuwepo. Majirani watasema kapandwa na mashetani. Hali hiyo inaua, na inatibika hospitalini. Kwa hiyo kuchanganyikiwa kwa ghafla, hasa kukiwa na homa, degedege au mtu asiyeamka vizuri, hakuna cha kulinganisha: hospitali, siku hiyo hiyo.

Ugonjwa uliokuja polepole ndio unaohitaji uamuzi wa kifamilia. Kijana amejitenga miezi sita, haogi, anasikia sauti zikimtukana. Hapo naona kisomo, kombe au maombi vinaweza kwenda sambamba na dawa, na vinawapa nguvu watu wa nyumbani ambao ndio watakaouguza. Masharti yangu ni haya: asifungwe minyororo, asifungishwe kula kwa siku nyingi, asichapwe, na asiambiwe aache vidonge. Sharti moja likivunjwa, mtoeni hapo. Tena msisubiri "mpaka msimu uishe", maana sauti zile zinapoachwa muda mrefu bila tiba, kurudi katika hali ya kawaida huwa kugumu zaidi.

Upande wa fedha watu wengi wanakosea hesabu. Mganga anaonekana nafuu kwa sababu anadai kidogo kidogo: kuku, kitambaa cheusi, kisha mbuzi, kisha magunia. Huku serikalini sera ya afya inamweka mgonjwa wa akili katika kundi la msamaha wa gharama, pamoja na wenye kifua kikuu, ukoma na VVU. Msamaha hautoki wenyewe; inabidi uuombe, na afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye anayeushughulikia. Gharama inayobaki huwa nauli, na dawa za kununua duka la nje pale dirishani zinapokosekana. Hilo la dawa kukosekana ni la kweli na linaumiza, na nalirudia mbele.

Hospitali ya karibu au ya mbali

Hapa ndipo vikao vingi hupotea, kwa imani kwamba umbali ni ubora.

Tuanze na zilizopo. Juu ya zahanati na vituo vya afya kuna hospitali za wilaya, kama Mkomaindo pale Masasi. Juu yake kuna hospitali za rufaa za mikoa: Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Halafu ipo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, Mtwara. Kandokando kuna hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, zilizoanzishwa na Wabenediktini, ambazo kwa mtu wa Masasi, Nachingwea au Mtama ziko njiani zaidi kuliko pwani. Misheni utachangia gharama, lakini nauli utakayookoa kila mwezi nayo uiweke kwenye hesabu.

Mbali kuna Muhimbili, Dar es Salaam, yenye idara ya magonjwa ya akili na madaktari bingwa. Kuna Mirembe, Dodoma, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1927. Kuna Lutindi, ya Kanisa la Kilutheri, wilayani Korogwe, inayojulikana kwa kuwarudisha wagonjwa kwenye hali zao kupitia kazi za mikono na shamba.

Kutoka Mtwara hadi Dar ni kilometa zipatazo 560, na ukiendelea Dodoma unaongeza 450 hivi. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 safari ya Dar si adha ile ya kusubiri kivuko cha Rufiji, ila barabara ni ile ile moja. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, ilikatika upande wa Lindi na mabasi yakakwama. Mgonjwa ambaye dawa yake inatoka Dar peke yake alikuwa na nini mfukoni wiki ile? Na mtu mwenye fujo ndani ya basi kwa saa kumi anahitaji watu wawili wa kumshika, nauli tatu za kwenda, na mahali pa kulala mjini. Familia inauza shamba la mikorosho kwa safari moja, kisha haina nauli ya kumfuata. Mirembe wapo waliopona wakabaki miaka, kwa kuwa hakuna ndugu aliyekwenda kuwachukua.

Dawa anazopewa mgonjwa wengi wetu huziita za hospitali kubwa, kumbe nyingi ni zile zile. Haloperidoli, klopromazini, kabamazepini na amitriptilini ni dawa za zamani na za bei ya chini ambazo hospitali za wilaya na mikoa zinazifahamu. Mgonjwa akirudi kutoka mbali ameandikiwa dawa mpya ambayo Newala haipatikani, mwezi wa pili atakuwa hana kitu. Kama mmekwenda mbali, basi kabla ya kuruhusiwa mwombeni daktari aandike dawa itakayopatikana kwenu, na awape barua ya kurudisha mgonjwa kliniki ya wilaya yenu.

Mbali nakukubali katika hali tatu. Ya kwanza, dawa mbili tofauti zimetumiwa ipasavyo, kwa dozi kamili na muda wa kutosha, na hakuna nafuu. Ya pili, madaktari wa mkoa wenyewe wana shaka na ugonjwa na wameandika rufaa. Ya tatu, kuna kesi: mtu aliyetenda kosa akiwa mgonjwa huamuliwa na mahakama, na wa namna hiyo hupelekwa Isanga, Dodoma, chini ya Mirembe. Nje ya hapo, nachagua hospitali ya wilaya au mkoa.

Vidonge au sindano

Nakaa hapa kidogo, maana kwa mtu asiye na nyumba uchaguzi huu unazidi uchaguzi wa hospitali.

Vidonge vinataka saa, maji, chakula, na mahali pa kuviweka visinyeshewe wala kuibwa. Mtu anayelala stendi hana hata kimoja kati ya hivyo. Sindano ya flufenazini huchomwa msulini na kufanya kazi kwa wiki kadhaa. Kwa kawaida hurudiwa kila mwezi hivi. Kwa mgonjwa anayesikia sauti au mwenye kuamini anawindwa, na ambaye haaminiki kumeza vidonge, sindano ina faida kubwa: muuguzi anajua tarehe, na akikosekana kuna sababu ya kumtafuta. Nimeona watu waliokuwa wakipigwa mawe na watoto sokoni wakirudi kubeba mizigo na kuchangia misiba, kwa sindano ya kila mwezi na mama lishe mmoja aliyewakumbusha tarehe.

Hasara yake ni kwamba ikikukera huwezi kuitoa mwilini. Dawa hizi, za vidonge na za sindano, huweza kukaza mwili: shingo inapinda, mate yanatoka, mikono inatetemeka, mtu anatembea kama ubao. Wengi wanaoacha dawa huacha kwa sababu hiyo, si kwa ukaidi. Kuna kidonge cha kupunguza hali hiyo, watu wanakifahamu kwa jina la Artane, na dozi nayo inaweza kupunguzwa. Anayemwuguza aseme kliniki bila kuona haya. Na sindano si ya kila mgonjwa. Mwenye sonona (huzuni kali isiyoisha) au kiwewe haimfai, kama nitakavyoeleza kwa askari.

Asiye na mtu: polisi, mtendaji, au ustawi wa jamii

Mgonjwa mwenye ndugu ana kikao. Asiye na ndugu ana wapita njia, na wapita njia wema hujiuliza waanzie ofisi gani.

Polisi wanafaa pale kuna hatari ya wazi: ameshika panga, anajiumiza, anasimama katikati ya barabara. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ina utaratibu wa kumfikisha hospitali mtu ambaye hawezi kuamua mwenyewe, na polisi wana nafasi humo. Lakini mahabusu si wodi. Kama hana fujo, usianzie huko.

Mtendaji wa mtaa au kijiji ni mwepesi kufikiwa na barua yake inafungua milango, ila uwezo wake unaishia kwenye barua. Anayebeba kazi yenyewe ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Huyu anaweza kuomba msamaha wa matibabu, kuandika kwa mwenzake wa Tunduru au Kilwa kuwatafuta ndugu, na kusimama kama mtu wa mgonjwa pale hospitali inapouliza, "Huyu ni wa nani?" Swali hilo ndilo linalowarudisha wengi barabarani. Mimi ningeanza kwa mtendaji asubuhi na kuwa ustawi wa jamii mchana wa siku hiyo hiyo, nikiwa na barua mkononi. Mkiwa wawili watatu, tena mmoja kiongozi wa msikiti au kanisa, mnasikilizwa haraka zaidi.

Kumpakia kwenye lori usiku na kumshusha wilaya jirani kwa kuwa kuna mgeni mkubwa anakuja mjini, hilo sitaliweka hata kwenye ulinganisho. Ni dhuluma.

Kwa mzee asiye na mtu kabisa kuna makazi ya wazee ya serikali, ambayo njia yake nayo hupitia ustawi wa jamii. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka familia na jamii ziwe mbele na makazi yawe hatua ya mwisho. Nakubaliana nayo, ila kwa sharti: ndugu wawe wamepatikana kweli na wamekubali kwa moyo. Mzee mgonjwa aliyerudishwa kwa watu wasiomtaka atakuwa stendi tena kabla mvua hazijakatika.

Msaada wa fedha nao una tofauti yake. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hulipa kaya iliyotambuliwa kijijini, kwa hiyo anayelala barabarani hayumo mpaka awe ndani ya kaya ya mtu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwatafuta ndugu. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo 2 kati yake ni ya watu wenye ulemavu, inamfaa aliyekwishatulia na anayeweza kufanya kazi. Kumpa mkopo mtu ambaye hajapata nafuu ni kumtwisha deni.

Aliyevaa sare

Mtwara tunapakana na Msumbiji, na vita tumevijua kwa karibu. Makaburi ya mashujaa yako Naliendele. Nachingwea palikuwa na kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wakati wa ukombozi. Kutoka mikoa hii vijana walikwenda Kagera Idi Amin wa Uganda alipovamia Oktoba 1978, na wakawamo kwenye safari iliyofika Kampala Aprili 1979. Baadaye kuna waliokwenda Darfur, Kongo na Cabo Delgado. Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka amekwishavuka 65 leo.

Kwanza tofautisha mwanajeshi mstaafu na mgambo. Kati ya waliopigana Kagera walikuwamo mgambo wengi waliotoka shambani na kurudi shambani. Mwanajeshi aliyestaafu ana namba ya jeshi, hati, na mara nyingi pensheni. Kwake nenda na nyaraka hizo kwenye kikosi kilicho karibu na kwa umoja wa wanajeshi wastaafu wa mkoa, uulize haki zake za matibabu. Hospitali Kuu ya Jeshi, Lugalo, iko Dar, na hesabu ya umbali niliyoieleza juu inahusika nayo pia. Mgambo wa zamani asiye na karatasi usimpotezee miezi akitafuta nyaraka za 1979. Mpeleke kama mzee: mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana msamaha wa matibabu kwa umri na hali yake, na mgonjwa wa akili ana msamaha kwa ugonjwa wake. Sambamba na hapo, mwone mshauri wa mgambo wa wilaya, ambaye anaweza kuwajua wenzake wa kumthibitisha.

Pensheni yenyewe ni mtihani. Mzee aliyechanganyikiwa mwenye fedha ya kila mwezi hukosi kumwona na "wapwa" wapya. Kama hawezi tena kusimamia mali yake, kuna njia ya mahakama ya kumpata msimamizi. Ni ya polepole, lakini naichagua kuliko kadi ya benki kukaa kwa kijana mmoja mjini.

Pili, na hili ndilo ningependa kila muuguza alibebe: mwambie daktari kwamba alipigana. Kiwewe cha vita hakifanani na ugonjwa wa kusikia sauti, ingawa kwa jirani yote ni "kachanganyikiwa". Mwenye kiwewe hukesha, huota vita, hushtuka na kulala chini radi ikipiga au tairi la lori likipasuka, hukaa akiwa amekabili mlango, na hunywa ili alale. Huweza kutulia miaka mingi akiwa kazini na kuamka na ugonjwa baada ya kustaafu au kufiwa na mke. Tiba yake ya kwanza ni mazungumzo na mtaalamu, pamoja na dawa za sonona panapohitajika. Akichomwa sindano ya mwezi kwa kudhaniwa ana ugonjwa mwingine, mwili utamkakamaa na ndoto zitabaki pale pale. Kwa mzee kuna na hali ya tatu: kusahau kwa uzee, ambako huanza na kupotea njia ya nyumbani na kuuliza jambo moja mara kumi. Hali hizi tatu daktari wa mkoa anaweza kuzitofautisha akipewa historia kamili, kwa hiyo kwa askari wa zamani narukia Ligula au Sokoine badala ya kukaa na zahanati.

Mazungumzo ya kitaalamu ni haba kusini, na hapa wenzake wa kikosi wana nafasi ambayo hospitali haina. Mzee ambaye hasemi neno kwa mwanawe atamweleza mwenzake waliyelala naye handakini. Wakutanishe, hata bila chama, hata kwa kahawa tu, pombe isiwepo. Wananchi wa kando ya Ruvuma nao wasisahauliwe: kijiji cha Kitaya kilivamiwa Oktoba 2020, na kiwewe hakiulizi kama ulikuwa na bunduki.

Ningechagua hivi

Kijana wa Tandahimba anayesikia sauti, ana mama: hospitali ya wilaya, sindano ya mwezi, kisomo kiendelee nyumbani. Mgonjwa asiyejulikana anakotoka, anayelala sokoni Lindi: barua ya mtendaji, ustawi wa jamii, Sokoine, na mtu mmoja wa sokoni anayekubali kukumbuka tarehe. Mzee wa Kagera anayekesha Nanyamba: Ligula akiwa na historia yake iliyoandikwa, na wenzake wawili wa zamani wajulishwe. Mtu wa Liwale, ambako masika barabara huwa mbaya, aombe kliniki impe dawa za miezi miwili au zaidi kabla mvua hazijaanza.

Na kwa wote: ukiwa bado dirishani, uliza kama dawa hiyo itakuwepo mwezi ujao. Wakisita, omba jina la dawa liandikwe vizuri kwenye karatasi, pita duka la dawa uulize bei, na uanze kuiwekea akiba wiki hiyo hiyo.